Kumbukumbu ya mradi: mkuki, rungu na kifuo cha nazi

Mchezo wangu wa mezani wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani (pwani hii, 1888 na 1889) ulikwama wiki tatu pale pale: mwenye Nguvu 5 anamshinda mwenye Nguvu 2 kwa silaha yoyote, hata sindano. Vijana wa hapa Bagamoyo wanaonijaribia wakashtukia mapema, kila mmoja akawa anachagua pande la mtu.

Jumamosi nikaazima mizani ya uzito, ile ya mshale, nikaenda kwa bibi jirani anayefua nazi. Nikasimama juu ya mizani, nikaikandamiza nazi kwenye kifuo, ule mti wenye ncha uliosimikwa chini wa kufulia nazi. Mshale ukashuka kutoka kilo 68 hadi 41. Yaani kilo 27 zimehamia kwenye ncha, karibu nguvu ya nyutoni 265. Kumbi likapasuka kidogo tu, mimi jasho.

"Mjukuu wangu, unapima nazi au unajipima mwenyewe?"

Bibi hafiki kilo 50. Akaipigiza nazi mara moja, akaisokota, kumbi likaachia. Nilimrekodi kwa simu, nikahesabu picha moja moja: nazi ilishuka kwa kama mita 4 kwa sekunde. Ina kilo 1.5, basi nishati yake ni jouli 12. Ikasimama ndani ya sentimita 2, wastani wa nyutoni 600. Hapo mikono yake sijaihesabu. Mimi nilisukuma, yeye alipiga.

Usiku nikafuta ukurasa mzima wa kanuni. Rungu sasa linakwenda kwa Kasi: kasi ikiwa mara mbili, nishati inakuwa mara nne, uzito ukiwa mara mbili, nishati ni mara mbili tu (na rungu zito halizungushiki upesi, msijidanganye). Mkuki una namba ya Ncha. Nguvu iliyokaa kwenye milimita 4 za mraba ukiihamishia kwenye ncha butu ya sentimita 1 ya mraba, mgandamizo unashuka mara 25. Kwa hiyo mkuki ukigonga ngao, Ncha inapungua moja mpaka uunoe.

Jumapili mwenye Nguvu 2 alilitoboa jitu la Nguvu 5 zamu ya pili. Meza nzima kelele. Ila ngao sasa haina kazi: zamu nne, zimetobolewa nne. Nadhani ngao ya ngozi irefushe umbali wa ncha kusimama badala ya kuongeza ugumu. Sentimita 2 zikiwa 6, ile 600 inabaki 200. Wiki ijayo nalijaribu hilo. Mizani nimeirudisha, chini ya kioo chake kuna nyuzi za makumbi, sijui zimeingiaje.