Siku Moja Maishani Mwangu: Mapapai ya Mkuranga

Saa 12 asubuhi tulikuwa tumekwisha kuingia shambani, mimi na kijana anayenisaidia, kwa kuwa mapapai huchumwa kabla jua halijawa kali. Tulikata yale yaliyoanza kuonyesha mchirizi mmoja au miwili ya njano upande wa kitako, kwani likichumwa kijani kabisa halipati utamu, na likiachwa liivie mtini hupondeka kabla halijafika soko la Temeke Stereo. Utomvu huwasha ngozi, hivyo tulivaa mikono mirefu.

Saa 2 tulimaliza kuyafunga kwa magazeti, na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kikaondoka nayo.

Saa 3 tulihamia kwenye miche michanga, ambayo hupandwa mitatu katika kila shimo kwa sababu jinsia yake haijulikani mpaka ichanue. Dume huning'iniza maua madogo mengi kwenye vikonyo virefu. Ua la jike hukaa karibu na shina, na ukilipasua unakuta kifuko cha mviringo kisicho na chavua, ilhali ua la mpapai wenye jinsia mbili lina kifuko chembamba kilichozungukwa na chavua, nao ndio unaozaa yale matunda marefu yanayopendwa na wanunuzi.

“Mama, mbona huu umestawi kuliko yote, nao tunaukata?” kijana aliniuliza.

“Ni dume, mwanangu. Tumekwisha kuacha mwingine wa kuchavusha majike ya upande huu.”

Huniuma kuukata mti wenye afya, lakini ukibaki utagombania mbolea na maji na ule utakaozaa.

Saa 7 tulikula wali na papai bichi lililopikwa kwa nazi.

Saa 9 tulizibua mifereji ya bondeni. Mpapai hauvumilii maji yaliyotuama. Siku mbili tu zatosha mizizi kuanza kuoza, na majani yakishageuka njano umechelewa.

Saa 11 jioni nilikwangua papai bichi, nikalichanganya na nyama ya mishkaki pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu. Utomvu wake una kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho huvunja protini na kuilainisha hata nyama ya ng'ombe mzee. Namsihi kila jirani asiilaze nyama hiyo usiku kucha, maana itavurugika na kudondoka kutoka kwenye kijiti. Saa moja inatosha, kisha iende kwenye mkaa.