Kitanda cha Kilimani

Mimi ni seremala. Nalisema hili mapema kwa sababu ningekuwa mwalimu au muuza mitumba, safari hii isingekuwa na la kusimulia.

Aliyenituma Nairobi ni binamu yangu, mwana wa ami, aliyehamia Muscat zamani hata pasi yake sasa ni ya Oman. Anataka kununua nyumba ya kupangisha watu. Mombasa haitaki, eti kodi za pwani hazipandi. Kila jioni alikuwa ananitumia video za maghorofa ambayo hayajajengwa: bwawa la kuogelea juu ya paa, mwanamke wa kuchorwa ameshika gilasi ya juisi, jua linatua nyuma ya vilima vya Ngong. "Nenda unitazamie," akasema. "Jicho lako la fundi." Akatuma nauli, na Julai hiyo dukani kwangu kulikuwa na meza moja tu ya kupiga vanishi.

Treni nairuka. Iliondoka, ikafika. Ila nauli ya daraja la chini ni shilingi 1,500, na tangu ilipopandishwa kutoka 1,000 mwaka 2024 hainipiti bila kunung'unika, basi niacheni nimalize. Kituo chenyewe kiko Syokimau, mbali na mji, na ukishuka usiku na kofia yako ya kiua wenye teksi wanakusoma kutoka mlangoni. Wangu aliniuliza, "Mzee, tupite juu au chini?" Swali zito kumuuliza mtu wa umri wangu. Kumbe ni barabara. Ya juu, ile ya nguzo iliyofunguliwa 2022, inatoka Mlolongo hadi Westlands na ina malipo yake. Ya chini ni bure lakini utakaa. Nikasema chini, tukakaa. Chumba nilichopata River Road walidai 1,800 kwa sababu kina maji ya moto. Asubuhi nikaambiwa maji ya moto ni kuanzia saa tatu.

Mara ya kwanza kufika Nairobi ilikuwa 1986, kijana wa kushika randa kwenye karakana moja ya Gikomba. Wakati huo mgeni akionyeshwa kitu anaonyeshwa KICC, jumba la mikutano la katikati ya mji, ghorofa 28, ikiwa na miaka kumi na mitatu tu tangu ifunguliwe, na sisi tulikuwa tunasimama chini tukizihesabu na kukosana hesabu. Kilimani, mtaa huuhuu binamu alionituma sasa, tulikuwa tukipeleka makabati. Nyumba za mawe, paa za vigae, mbwa, bustani, mjakaranda mlangoni. Mwenye nyumba alikuwa anatutolea chai nje, tunainywa tumesimama. Jina la mahali ni Kiswahili chetu kabisa, lakini hakuna niliyemsikia akikizungumza ndani ya lile geti ila mpishi.

Sasa KICC utaitafuta. Upper Hill kuna mnara wa mita 200 uliokamilika 2017, na mwaka huohuo ukazinduliwa mradi jirani ambao ulikuwa upite mita 300 uwe jengo refu kuliko yote Afrika, ikazuka kesi ya kiwanja, mpaka leo haujainuka. Na Kilimani kreni ni nyingi kuliko mijakaranda. Nilikunywa chai shilingi 350. Chai, si biriani.

Ofisi ya mauzo ni kontena lililotiwa vioo, mbele yake nyasi za plastiki. Alinipokea binti mdogo, umri wa kitinda mimba wangu, viatu vyeupe pepe. Akanipa maji ya chupa, akanipa karatasi nzuri nzito. Chumba kimoja cha kulala, milioni 6.8. Unatoa asilimia kumi kwanza, zinazobaki unalipa kidogokidogo huku wanajenga. Sisi tungeiita arubuni. Yeye aliiita "kujiunga", kana kwamba ni chama cha maulidi.

Kisha akanitembeza nyumba ya mfano, iliyojengwa nyuma ya kontena ili mnunuzi aone atakachopata. Sebule nzuri, siwezi kudanganya. Vioo ukuta mzima, taa za kujificha darini. Chumba cha kulala kina kitanda, meza mbili ndogo, kabati, na bado mtu anapita pande zote mbili bila kukwaruza goti. Nikasema moyoni, kumbe inawezekana. Nikarudi mlangoni nikatazama tena. Kitu kilinikataa. Nimetengeneza vitanda tangu kabla binti huyu hajazaliwa. Najua cha futi 5 kwa 6 kinavyokaa chumbani, najua kinavyokula nafasi, najua na maneno ya mke wa mtu kikishindwa kuingia.

"Hiki ni 5 kwa 6?" nikauliza.

"Ndiyo, mzee. Saizi ya kawaida."

Futi ya kupimia sikuchukua, lakini shibiri yangu ni inchi tisa, nimeipima mara nyingi mno. Futi sita ni shibiri nane kamili. Nikainama nikaanza kichwani. Zilikuja saba na vidole viwili. Nikadhani mkono umeteleza, nikarudia kutoka miguuni: saba na vidole viwili. Upana, shibiri tano na vidole vinne, yaani futi nne. Na godoro wamelikata kwa kipimo hichohicho, mashuka yameshonwa yaje sawasawa, mito midogo kama ya kitanda cha mtoto. Kazi safi. Niliona uchungu na wivu kwa pamoja, maana aliyekichonga ni fundi, viungo vimekaa hata karatasi haipiti.

Nikafungua kabati. Kina chake inchi kumi na nne au karibu na hapo. Hanga haliingii kwa ubavu, ndiyo maana mashati mawili ya mapambo yalikuwa yametundikwa yakitutazama sisi. Nikatafuta mlango wa chumba, haupo, kuna fremu tupu na pazia. Ungekuwepo, ukifunguliwa ungegonga kitanda cha kweli.

"Mzee, kitanda hakiuzwi," binti akasema. "Ni mapambo tu."

"Hakiuzwi, mwanangu, lakini ndicho kinachouza."

Nikavua viatu, nikaomba ruhusa, nikalala. Mimi si mrefu. Vifundo vyote viwili vilining'inia nje kama samaki dukani. Akacheka, kweli akacheka, kisha akageuka kuangalia kama kuna anayesikia. "Hata mimi hunitoka miguu," akasema polepole.

Baada ya hapo tulielewana. Nilimwuliza hati itakuwaje, akajibu vizuri: kwa sheria ya 2020 kila mnunuzi anapata hati ya sehemu yake mwenyewe, pamoja na fungu lake katika vya pamoja, yaani ngazi, lifti, maegesho. Na ardhi? Ni ya kupangishwa, miaka 99. Nikauliza imebaki mingapi, akaandika kwenye kijitabu kwamba ataulizia. Binamu hata hivyo hana la kuchagua hapo. Asiye raia, kwa Katiba ya 2010, ardhi ya Kenya anapata kwa kupangishwa tu, na isizidi miaka hiyohiyo 99.

Nikiwa nahesabu miaka hiyo nilimkumbuka marehemu baba. Sisi watu wa Majengo, Mombasa, tumezaliwa ndani ya nyumba bila ardhi. Ukuta wako, mlango wako, vyumba unapangisha, ukifa wanao wanarithi. Udongo wa mtu mwingine, na kila mwezi unampelekea kodi ya kiwanja. Baba alijenga kwa udongo na boriti kwa sababu mwenye ardhi hakutaka cha kudumu. Tulikuwa tukidhani hiyo ni dhiki ya watu wa pwani. Sasa naona watu wa suti wanaipangia foleni kwa milioni 6.8, na yao haigusi hata chini. Tofauti ni kwamba baba alijua jina la mwenye ardhi, na siku za Idi tulimpelekea sahani.

Niliomba kupanda kwenye jengo lenyewe. Binti akatazama viatu vyake, akanikabidhi kwa foremani, naye akanipa helmeti na kijana wa mjengo anipeleke. Lifti bado ni shimo lililozibwa mbao, kwa hiyo ni ngazi, zege halijakauka vizuri, hadi ghorofa ya tisa. Ghorofa zitakuwa 22. Pumzi iliponirudia nikauliza Ngong iko wapi. Kijana akanyoosha mwiko wake kwenye wingu zito la Julai. "Iko hapo, mzee. Leo haitoki."

Nikatazama chini badala yake. Kiwanja cha pili, umbali wa kurusha kofia, kulikuwa na nyumba moja ya zamani, na watu watatu juu ya paa wanavua vigae kimoja kimoja, wanapokezana, wanavipanga uani kwa heshima kama sahani za harusi. Mjakaranda umeshakatwa, vipande vimelala getini.

"Na hapo?"

"Hapo pia ni mjengo. Ishirini na nne."

"Upande huu huu wa Ngong?"

"Huu huu."

Mchana nilikula naye na wenzake kibandani kwa mama mmoja nyuma ya mabati, chapati mbili na maharagwe, shilingi 80, na huo ndio mlo pekee wa Nairobi ambao sikuujutia. Tulipokuwa tunakula lori la maji likaja, likapiga honi kwenye jengo lililokwisha kujengwa ng'ambo ya barabara, lenye bwawa juu ya paa. Kijana akaniambia huja kila siku.

Usiku, tayari niko Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, nangoja matatu, binamu akapiga. Nikamweleza yote: shibiri saba, pazia, ghorofa 24 za jirani, miaka ya ardhi isiyojulikana. Alisikiliza bila kunikata, jambo ambalo si kawaida yake.

"Lakini mpangaji atapatikana?" akauliza.

"Kilimani? Atapatikana."

"Basi. Nitachukua. Na vitanda utanichongea wewe, sitaki vya dukani."

"Vya futi sita," nikamuuliza, "au vya kutosha chumbani?"

Akanyamaza. Kwa mbali nikasikia kiyoyozi chake kinavuma huko Muscat, kisha akaniuliza bei ya mninga.