Kadi ya "nipumzike"

Mtoto niliyeitwa kumsaidia hakuwa anaongea, na kila kipindi cha kuandika alijing'ata mkono mpaka ukaota sugu. Shuleni walikuwa wameshamhukumu kuwa mkaidi. Aking'ata tu, anatolewa nje akakae peke yake.

Kazi yangu ni kuchambua tabia za watu wenye usonji (autism). Kabla ya yote nilimwomba mama yake ampeleke akaangaliwe meno na masikio, maana asiyeongea huenda anajing'ata kwa sababu anaumwa. Daktari hakuona tatizo. Ndipo nikaketi nyuma ya darasa na daftari la safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata.

Safu ya tatu ilikuwa na jibu lilelile ukurasa baada ya ukurasa: ametolewa nje. Kile walichokiita adhabu ndicho alichokuwa anakitafuta! Nikaona pia kwamba hang'ati ghafla. Kwanza anaisukuma penseli kwa kidole cha mwisho, kisha anaguna kwa sauti ya chini, halafu mkono unaenda mdomoni.

Mwaka 1985 wanasaikolojia Edward Carr na Mark Durand walionyesha kuwa mtoto akifundishwa njia nyepesi ya kuomba kile anachokipata kwa vurugu, vurugu hupungua. Nikatengeneza kadi yenye picha ya kiti kando ya dirisha. Penseli ikianza kusukumwa, msaidizi anamwelekeza kwenye kadi. Akiitoa, anapumzika papo hapo.

"Si atakuwa anaiomba kutwa nzima?" mwalimu akauliza. Nikamwambia ndiyo, mwanzoni ataomba sana, na tumpe kila mara. Kadi ikichelewa kuliko meno, atarudi kwenye meno. Kweli aliomba mfululizo, na mwalimu yule, namshukuru hadi leo, hakumnyima. Kadi ilipozoeleka tukaanza kumchelewesha kidogo: andika neno hili moja, kisha nenda. Tukapunguza na kazi yenyewe, kwa sababu kunakili ubao mzima kulikuwa kunamzidi. Kung'ata kukapungua polepole, kukarudi kwa kishindo wiki aliyobadilishiwa msaidizi, kisha kukatulia tena.

Niliombwa pia nimkomeshe kupepea mikono na kujitikisa. Hilo nilikataa. Hakumuumizi yeye wala mwingine, na kunamtuliza. Fani yetu ina historia chungu: miaka ya 1960, mwanasaikolojia Ivar Lovaas na wenzake huko California waliwapiga watoto makofi na hata shoti za umeme ili waache tabia fulani. Leo wapo watu wazima wenye usonji wanaoeleza jinsi walivyoumizwa na mafunzo ya kulazimishwa waonekane kama wengine. Mimi nawasikiliza. Swali langu la kwanza siku zote ni hili: tabia hii inamsumbua yeye, au inatusumbua sisi kuitazama?

Sasa tunamfundisha kadi ya pili, ya "naumwa". Hii ni ngumu zaidi. Kuchoka kwake nilikuona kwenye penseli nikajua lini nimwelekeze. Maumivu yako ndani yake, siyaoni. Kwa hiyo tunasubiri yale yanayoonekana, goti lililochubuka au kidole kilichobanwa na mlango, na hapohapo tunampa kadi.