Naanza na upande wa ndani: ninavyonunua nguo kwenye maduka ya punguzo

Nikishika nguo kwenye duka la punguzo, cha kwanza ni kuipindua nione upande wa ndani. Bei naitazama baadaye. Tangu nishike utaratibu huu, kabati langu lina nguo chache kuliko zamani, na zote zinavaliwa.

Kuna jambo wanunuzi wengi hawaambiwi. Maduka haya yalianza kama njia ya viwanda kuuza mabaki: nguo za msimu uliopita, saizi zilizosalia na zile zenye kasoro ndogondogo. Mji wa Reading, Pennsylvania, ulipata jina kwa biashara hiyo miaka ya 1970, baada ya sehemu ya kiwanda cha soksi kugeuzwa duka. Siku hizi mambo ni mengine. Kampuni nyingi hushona nguo mahsusi kwa maduka ya punguzo, mara nyingi kwa kitambaa hafifu na mshono wa harakaharaka. Nguo ya namna hiyo haijawahi kutundikwa kwenye duka la kawaida hata siku moja, lakini lebo yake inaonyesha bei kubwa iliyopigwa mstari na bei ndogo chini yake. Mwaka 2014 wabunge wanne wa Marekani, akiwemo Seneta Sheldon Whitehouse, waliiandikia tume ya nchi hiyo inayosimamia haki za walaji wakitaka bei hizo za kulinganisha zichunguzwe. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika tarehe 28 Mei 2022 zinamtaka muuzaji anayetangaza punguzo aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouzia bidhaa hiyo ndani ya siku 30 kabla ya punguzo. Ni ulinzi mzuri, ila hauniambii kama suruali itadumu. Hilo linajibiwa na suruali yenyewe.

Ndiyo maana napindua. Hivi karibuni nilikuwa na makoti mawili mkononi, yote ya kampuni moja. La kwanza lilikuwa la mistari, limepunguzwa sana, na watu walikuwa wanaligombania. Mistari ya mgongoni haikukutana kwenye mshono wa katikati. Nilipoivuta mishono taratibu kwa vidole viwili, nyuzi zilionekana zimeachana na mwanga ukapita. Bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti, ilikuwa imebana, haina mkunjo wa ziada mgongoni, na bitana ya hivyo huchanika kwapani ukinyoosha mkono kuchukua kitu juu. Koti la pili lilikuwa la rangi moja, limepoa tu pale pembeni. Lilikuwa na sufu 80%, kitambaa cha akiba kimeachwa kwenye pindo la mikono, na kifungo cha ziada kimeshonwa ndani. Punguzo lake lilikuwa dogo zaidi. Nililichukua hilo.

Kitambaa nacho kina lugha yake. Nakifinya kwenye ngumi kwa muda kidogo, kisha nakiachia; kikibaki na makunyanzi mengi najua kitanidai pasi kila asubuhi. Sweta nalivuta kidogo kiunoni nione kama linarudi. Fulana naiinua kwenye mwanga. Zipu naipandisha na kuishusha mara kadhaa, tena bila haraka, maana zipu inayokwama dukani haitapona nyumbani.

Suruali inastahili muda zaidi. Naikunja ili mshono wa nje na wa ndani wa kila mguu vilale pamoja. Mguu ukijipinda, kitambaa kilikatwa bila kufuata mwelekeo wa nyuzi zake, na ukishafua, mshono wa pembeni utahamia mbele ya goti. Hilo hakuna fundi wa kulirekebisha. Pindo lililofumuka, kifungo kilichopotea au kiuno kilichozidi kidogo ni kazi ndogo kwa fundi, na hapo ndipo nguo zenye kasoro zinaponifaa. Mabega yasiyokaa nayaacha, hata bei iwe nzuri namna gani. Nikikuta lebo ya jina imekatwa au kuchorwa kwa wino, naitafuta kasoro mpaka niione, au niridhike kwamba haipo.

Saizi siiamini. Namba moja huweza kuwa na vipimo tofauti hata ndani ya kampuni ileile. Kwa hiyo nimepima suruali yangu inayonikaa vizuri ikiwa imelazwa mezani, nikaandika kiuno, paja na urefu wa ndani kwenye simu, na utepe wa kupimia uko kwenye mkoba. Foleni ya chumba cha kujaribia ikiwa ndefu, utepe unanitosha kuamua kama nisimame au niondoke. Kwenye simu hiyohiyo nina orodha fupi ya ninachohitaji, niliyoiandika nikiwa mbele ya kabati. Kisichomo kwenye orodha sikikatai moja kwa moja, ila lazima niweze kutaja nguo tatu nilizonazo zitakazovaliwa nacho.

Hesabu pia. Tangazo likisema punguzo la 50% na 20% zaidi ukifika kaunta, wengi hujumlisha wakapata 70%. Kitu cha 100 kinashuka kuwa 50, kisha 20% ya hiyo 50 inaondoka, unalipa 40. Punguzo ni 60%. Ni punguzo zuri bado, lakini nataka nijue ninacholipa kabla sijafungua pochi.

Kabla ya kulipa nauliza: inarudishwa? Kwa siku ngapi? Narudishiwa pesa au nabadilishiwa tu? Masharti ya maduka haya mara nyingi ni makali kuliko ya duka la kawaida, na nguo za mwisho wa msimu huenda zisipokelewe kabisa. Zinazorudishwa nazijaribu nyumbani siku hiyohiyo, kwa viatu nitakavyozivalia, na lebo siikati mpaka nimekaa, nimeinama na kuinua mikono ndani yake.