Jinsi nilivyoacha kuilisha akili unde maombi ya watu

Nilipewa maombi 22 ya ruzuku za utafiti niyapitie kwa siku kumi, na kazini hakuna aliyenipunguzia hata kikao kimoja. Siku ya tatu nikachoka. Nikabandika ombi zima kwenye programu ya akili unde, nikataka muhtasari na udhaifu wake. Jibu likaja limenyooka kama la profesa: mradi hauna mpango wa kufuatilia matokeo. Nikaanza kunakili. Bahati tu nikafungua kiambatisho. Mpango ulikuwepo, ukurasa wa 14, tena na jedwali.

Kilichoniuma zaidi si kosa hilo. Nilikuwa nimesaini fomu ya kutunza siri, halafu wazo la mtu ambalo halijachapishwa popote nikalipeleka kwenye kompyuta za kampuni ambayo sijui italifanyia nini. NIH, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ziliwakataza wahakiki wao jambo hili Juni 2023, sababu ikiwa usiri huohuo.

Nikamwandikia mratibu, nikakiri. Ombi lile akapewa mwingine. Mazungumzo niliyafuta, ingawa maji yalishamwagika. Yaliyobaki nikayasoma mwenyewe, kila alama nikiandika pembeni ukurasa ulionifanya niitoe. Mratibu aliniruhusu kitu kimoja: kuiuliza programu maswali ya jumla, mfano namna ya kukadiria ukubwa wa sampuli, bila neno hata moja la mwombaji. Nilichelewa siku mbili. Wakanivumilia.