Kwa nini nimechukua Swordfish

Jana usiku hapa Jinja nimekaa na daftari mpaka mshumaa ukaisha, nachagulia ndege jeshi langu la majini la kubuni, mwaka 1937, lina meli moja tu ya kubeba ndege. Ya kubeba torpedo, yaani bomu linalokwenda ndani ya maji kupiga meli, nimechukua Swordfish ya Uingereza, wengi wanaidharau juu ni ya turubai na pole pole, lakini mabawa yake ya karibu mita 14 yanakunjwa yanabaki mita 5 na kitu, nimekata vikaratasi kwa kipimo nikavipanga kwenye hanga, chumba cha kuwekea ndege ndani ya meli, banange zimeingia nyingi! Ya kupigana hewani naipenda sana A5M ya Mitsubishi, ina kasi, ila mabawa hayakunjiki, mita 11 nzima, upana wa Swordfish mbili zilizokunjwa. Nimeweka 9 tu.