Kichocho kimewasha jeni, au ni joto la njiani?

Chukua damu ya mvuvi wa Igombe, kando ya Ziwa Viktoria, mwenye kichocho cha tumbo na ya jirani yake asiye nacho, upime jeni za kinga. Tofauti utaiona tu. Kazi ni kujua kaileta nani: mnyoo au safari ya sampuli.

Mnyoo ana mbinu zake, hilo halina ubishi. Jike la Schistosoma mansoni, mnyoo wa kichocho hiki, hutaga mayai kama 300 kwa siku, na mengi hunasa kwenye ini na ukuta wa utumbo. Yai hutoa protini iitwayo omega-1. Hii huingia seli za dendriti (walinzi wanaozielekeza seli nyingine za kinga) kwa kupitia kipokezi cha manosi, mlango wa sukari kwenye ngozi ya seli, na ikishakuwa ndani hukatakata RNA, nakala ya jeni ambayo seli huisoma kuunda protini na ndiyo tunayoipima. Seli haifi, ila uundaji wa protini hudorora, IL-12 (protini ya kupashana habari kati ya seli za kinga) hushuka, na seli T zinazopokea maelekezo yake huwasha jeni ya swichi iitwayo GATA3 na kumwaga IL-4 na IL-13, protini za ujumbe za kinga dhidi ya minyoo. (Omega-1 ni kimeng'enya cha kukata RNA, kama vile vilivyoko kwenye vidole vyetu, vinavyotuharibia RNA maabara. Vaa glavu.)

IL-4 nayo huwasha swichi nyingine, STAT6, ndani ya makrofaji, seli za kinga zinazomeza uchafu na vijidudu. Kwa panya, jeni ya Arg1 hupaa. Kwa binadamu usiitegemee. Pima jeni za MRC1 au CCL18.

Sasa njiani. Damu imetolewa Nansio asubuhi, ikangoja meli, ikafika Mwanza alasiri. Muda wote huo seli ziko hai na zimeshtuka: jeni za mshtuko, FOS na JUN, zinapanda bila mnyoo kuhusika. Tumia chupa zenye dawa ya kutuliza RNA papo hapo: damu ml 2.5 kamili, pindua polepole mara 8 hadi 10, acha saa 2 kwenye joto la chumba ndipo ugandishe. Ikipungua au kuzidi, uwiano na dawa huharibika. Na gari lililoegeshwa juani si joto la chumba.

Ukitaka aina mbili tu za seli nyeupe, limfosaiti na monosaiti, usiiweke damu kwenye barafu. Ichanganye nusu kwa nusu na maji ya chumvi yenye bafa, ilaze taratibu juu ya kimiminika chenye msongamano wa 1.077 g kwa ml, zungusha kwenye mashine kwa nguvu ya 400 g (mara 400 ya mvutano wa dunia) kwa dakika 30, breki imezimwa. Ukisahau kuzima breki, tabaka jeupe la seli hizo linavurugika na umeipoteza sampuli.

Mtego mkubwa ni eosinofili, aina nyingine ya seli nyeupe. Mwenye minyoo huwa nazo nyingi, kwa hiyo kwenye damu nzima jeni zake "hupanda" hata kama hakuna seli iliyobadilika. Hesabu aina za seli nyeupe siku hiyohiyo. GAPDH, jeni inayozoeleka kama kipimo cha kulinganishia nyingine, pia isiwe rula yako pekee, maana hupanda seli ikiamshwa.

Halafu yule jirani "asiye nacho". Kato-Katz, kipimo cha kuhesabu mayai kwa hadubini, hupima mg 41.7 za kinyesi, unazidisha mayai kwa 24 kupata idadi kwa gramu moja. Slaidi moja huwakosa wenye mayai machache. Soma slaidi mbili kwa siku mbili au tatu, mpime malaria pia. Naye anaoga ziwa hilohilo.